Waliozaliwa Kabla ya Sifuri

Watu wananiita Fundi, na ukifika mtaani kwetu ukauliza Fundi ni nani, utasindikizwa mpaka mlangoni. Nimeshona sare za watoto ambao leo wananiletea watoto wao niwashonee za harusi. Kwa hiyo niseme mapema: mimi ni mtu wa kujisifu na sijifichi. Koti nililolishona likikaa vizuri begani, nalisema. Na nikijaliwa mkwe mwenye kichwa kinachochemka kuliko vichwa vya ukoo mzima wa mume wangu vikiwekwa pamoja, hilo nalo nalisema. Marehemu mwenyewe alikuwa akinisikia nikilisema na anacheka tu.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, anaandika programu za kompyuta. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani ni kupiga chapa. Mwanangu akanieleza, nikaelewa nusu, na ile nusu ikanitosha kwenda kutamba nayo sokoni. Lakini alipopewa kazi ya kutengeneza mfumo mpya wa hospitali yetu ya macho, nikataka nielewe yote, maana hospitali ile nilikuwa naijua vizuri na yenyewe ilikuwa inanijua.

Mtoto wa jicho alikuwa ameniingia macho yote mawili. Uzi nilikuwa natungiwa na wateja. Kupinda pindo nilikuwa napinda kwa kupapasa. Siku moja nilishona mfuko wa suruali mpaka nikauziba mdomo, na mwenye suruali, muungwana yule, akasema haidhuru, hana cha kuweka humo. Tukacheka wote wawili. Alipotoka nikafunga mlango nikalia, kwa sababu fundi asiyeona ushonaji wake hana tena jina, ana cherehani tu. Nilikuwa naogopa, na sikumwambia mtu isipokuwa mkwe wangu.

Yeye alikuwa akija kula kwangu kila Jumapili. Baada ya kula anafungua kompyuta yake palepale mezani, kando ya cherehani, mimi napapasa yeye anabonyeza. Jumapili moja nikamsikia anasonya.

"Nini tena?"

"Tarehe, Mama. Kila karani wa hospitali aliandika anavyojua. Huyu kaanza na siku, yule kaanza na mwaka. Mmoja anatenganisha kwa mkato, mwingine kwa kistari, mwingine kaacha nafasi tupu. Kompyuta haiwezi kuzipanga hivyo."

"Inazitaka vipi?"

"Inataka namba moja tu. Sekunde ngapi zimepita tangu mwanzo wa mwaka sabini."

"Kwa nini sabini? Kulitokea nini?"

"Hakikutokea kitu. Walioanza kazi hizi waliamua tu, lazima uanze kuhesabu kutoka mahali fulani."

Nikaiweka nguo chini. "Na mimi niliyezaliwa hamsini na tatu?"

"Wewe unahesabiwa kurudi nyuma. Namba yako inakuja na alama ya kutoa mbele yake."

"Yaani mimi niko chini ya sifuri."

"Si chini, Mama. Uko kabla."

Nilipenda neno hilo. Wiki nzima kila aliyeingia dukani nilimwambia kwamba sisi wengine tulikuja duniani kabla ya sifuri, wao wametukuta. Na nilieleza kazi ya mkwe wangu kana kwamba nimeifanya mimi: jinsi anavyochukua tarehe za makarani, kila moja na mwandiko wake, anazigeuza namba, halafu mtu akizitaka anazigeuza tena ziwe tarehe za kusomeka. Fundi wa saa aliye jirani yangu alisema ikiwa tarehe inakwenda na kurudi vile, safari moja itarudi imevaa nguo ya mwingine. Nikamwambia atengeneze saa zake.

Basi, hospitali ikatangaza kwamba madaktari wageni wanakuja kwa siku tatu, wanapasua mtoto wa jicho na kuweka lenzi mpya bila malipo, kwa kila aliyetimiza miaka sitini. Kujiandikisha ni siku ya kwanza tu, na orodha inafungwa saa tisa alasiri. Nilifika asubuhi nimevaa gauni langu la kijani, lile la kola ya kusimama, nikakaa benchi la mbele.

Sasa mniweke kwenye benchi na watu wasio na pa kwenda, kisha mniombe ninyamaze. Kushoto kwangu alikaa mzee tunayemwita Tarishi, kwa sababu alipeleka barua miguu ikaisha. Nilimshika mkono nikamwonyesha upande wa dirisha la mapokezi, ingawa sote wawili tulikuwa tunaona ukungu tu.

"Ile kompyuta pale, mzee wangu, iliyo ndani yake ni kazi ya mkwe wangu."

"Kaitengeneza kompyuta?"

"Katengeneza akili yake."

"Basi leo tutahudumiwa vizuri," akasema Tarishi, na watu wa benchi letu wakanipa hongera zangu, nami nikazipokea zote bila kubakiza.

Nikaitwa. Karani alikuwa kijana mpole, sauti yake ya chini chini. Akachukua namba yangu ya kadi, akabonyeza, akanyamaza. Akabonyeza tena.

"Mama, samahani. Mfumo unaonyesha umezaliwa themanini na sita."

"Unasemaje?"

"Oktoba, themanini na sita. Hujatimiza sitini."

"Mwanangu," nikamwambia, "nina mtoto wa kumzaa aliyezaliwa themanini na moja. Mkewe kazaliwa themanini na tano. Kwa hesabu yako mkwe wangu ananizidi umri."

"Naona kabisa, Mama. Lakini orodha ya upasuaji inatoka humu humu ndani. Mimi siwezi kuongeza jina kwa mkono."

Nikarudi kukaa. Akaitwa Tarishi. Pale dirishani nikasikia kimya kile kile, na kubonyeza kule kule.

"Babu," karani akasema, na nilisikia anavyotamani ardhi immeze, "inasema una miaka kumi na mitano. Aliye chini ya kumi na minane anatakiwa aje na mzazi wake."

Tarishi alifikiri kidogo. "Mzazi sina. Nina mtoto wa miaka sabini, kakaa pale nje na fimbo yangu. Huyo anaweza kunisimamia?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Tulicheka mpaka mgonjwa wa tatu na wa nne, mmoja kijana wa ishirini na saba, mwingine bibi harusi mtarajiwa kabisa. Wa tano hakucheka mtu. Tulikuwa tumeanza kuelewa kwamba hakuna hata mmoja wetu atakayepita, na saa ya ukutani ilikuwa inasikika. Mwanamke mmoja karibu na mlango, ambaye alikuwa ameshikwa mkono na mjukuu wake tangu asubuhi, akaanza kusema peke yake kwamba hawezi kusubiri mwakani. Kisha sauti ya mwanamume ikatoka nyuma.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

Benchi letu likanyamaza. Wao walikuwa wanajua. Tarishi alikuwa anajua, na hakufungua mdomo, Mungu ambariki, akakohoa tu akatazama mbele. Ningeweza kunyamaza nami. Nilikuwa nimejisifu kwa benchi moja, na ukumbi ulikuwa na mabenchi mengi. Lakini asubuhi mkwe yule alikuwa wangu nilipopewa hongera, hakuwa na sababu ya kuacha kuwa wangu mchana. Nikasimama.

"Kaandika mkwe wangu," nikasema. "Na nampigia simu sasa hivi."

Simu yangu naifahamu kwa kidole, kitufe cha kwanza ndiye yeye. Akapokea.

"Mwanangu, leo nimezaliwa themanini na sita."

"Ni wewe peke yako, Mama?"

"Sote. Tarishi ana miaka kumi na mitano, anatafutiwa mzazi."

Nikamsikia anahesabu kwa kunong'ona. "Wote waliozaliwa kabla ya sabini," akasema. Hakuwa ananiuliza. "Nakuja."

Aliyefika kabla yake ni msimamizi wa hospitali, mwenye tai na manukato. Alitueleza kwa upole sana kwamba wageni wanafuata orodha ya mfumo, hawachukui mtu nje yake, kwa hiyo waliokataliwa wawe na subira, mwakani watakumbukwa.

"Mwakani nitakuwa nashona kwa pua," nikamwambia.

"Mama, naelewa uchungu wako."

"Kama ungeuelewa usingekuwa unanukia hivyo."

Sikutakiwa kusema vile, lakini nilisema.

Mkwe wangu aliingia na kofia ya pikipiki kwapani. Nilimjua kwa mwendo, anakanyaga haraka kisigino kwanza. Akatuamkia wazee wote kwa pamoja, shikamooni, na marahaba iliyomrudia ilikuwa nyembamba. Msimamizi akamfuata upesi, nikasikia anamnong'oneza, naye kwa nia njema, nadhani.

"Ofisi yenu imeshanipigia. Wamesema ni tatizo la mtandao. Tuwaambie hivyo, watu watulie."

"Mtandao hauna kosa," mkwe wangu akasema. "Kosa ni langu."

Hakunong'ona. Akageuka upande wa mabenchi akarudia kwa sauti ya kufika nyuma. "Wazee wangu, mfumo huu nimeuandika mimi, na kosa lililowarudisha leo ni langu. Nitawaeleza ni lipi, halafu naomba mnipe nafasi nilirekebishe mbele yenu."

Mimi nimemsikia mkwe wangu akisomewa matokeo ya daraja la kwanza chuoni, nimemsikia akiapa siku ya ndoa yake. Hakuna siku niliyojisikia mkubwa kama pale, kwenye benchi la hospitali, sioni kitu, watu wamemkasirikia na yeye amesimama wima. Nilitaka kumwambia kila mtu kwamba ni wangu, nikakumbuka nimeshawaambia.

Akaeleza. Alisema tarehe zetu zilikuwa na vistari na mikato ya makarani, na yeye akaandika hatua ya kuzisafisha: futa kila kistari, bakiza tarakimu. Hatua nyingine ni ile ya kugeuza tarehe iwe namba. Sisi wa kabla ya sabini, namba zetu zina alama ya kutoa mbele, na ile alama kwa kompyuta ni kistari tu. Alitakiwa kusafisha kwanza, ndipo ageuze. Yeye aligeuza kwanza, kisha akasafisha, na usafi ule ukatufutia alama zetu. Miaka tuliyokuwa nyuma ya sabini ikawa miaka ileile mbele yake.

"Umekata kitambaa kwanza, ukafua baadaye," nikasema.

"Hivyo hivyo, Mama."

Nilisikia watu wakiguna, maana nani asiyejua kitambaa kinavyoruka na kufupika kikifuliwa baada ya kukatwa. Yule mwanamume wa nyuma hakuwa ameridhika bado.

"Na hukujaribu kabla ya kutuletea?"

"Nilijaribu, baba. Nilitumia siku ya kuzaliwa ya kila mtu ofisini kwetu. Zote zilitoka sawa." Akasita. "Mkubwa kuliko wote pale amezaliwa sabini na mbili."

"Ofisi nzima ya watoto," akasema Tarishi, na kicheko kikarudi ukumbini, kidogo, lakini kilirudi.

Karani akampisha kiti. Msimamizi akasema jamani muda, na mkwe wangu akamjibu kwamba anauona. Hapa nieleze kitu kinachonifanya nimsifu kwa kazi yake na si kwa moyo wake tu. Tarehe za makarani hakuzitupa. Alizihifadhi pembeni kama zilivyoandikwa, na vistari vyake na makosa yake, hakuzigusa. Mwingine angebaki na zile namba zilizoharibika, asijue ni ya nani ilikuwa na alama na ya nani haikuwa nayo. Mimi pia kipande cha kitambaa cha kila mteja nakiweka kwenye sanduku mpaka nguo ivaliwe, kwa hiyo nilijua nasikiliza fundi.

Akabadilisha mpangilio wa hatua zile mbili. Ilikuwa kazi ya muda mfupi sana, hata nilishangaa kwamba jambo dogo hivyo lilitugeuza vijana ukumbi mzima. Lakini hakuigeuza hospitali yote papo hapo. Aliita kutoka kwenye kiti.

"Mama, umezaliwa lini?"

"Unajua."

"Nataka unitajie."

"Tarehe kumi na nne Machi, hamsini na tatu."

Akabonyeza. "Machi, hamsini na tatu," karani akasoma, na sauti yake ilikuwa imepata nguvu.

"Mzee Tarishi?"

"Thelathini. Mwezi wa sita. Siku alikuwa akiijua mama yangu."

"Kwenye kadi wameandika tarehe moja."

"Basi iwe moja."

Ikatoka thelathini. Akaomba wengine watakaokuwa tayari wataje miaka yao kwa sauti, na mabenchi yakaanza kuitikia, arobaini na nne, sitini na moja, hamsini, kila mmoja akiutaja wake kama anayejibu jina lake shuleni. Yule mwanamke wa karibu na mlango alisimama akasema thelathini na tisa, na mjukuu wake akamwambia, "Bibi, nyumbani ulisema arobaini na saba." Akaambiwa akae kimya. Ikatoka thelathini na tisa.

Ndipo akazigeuza tarehe za hospitali yote. Tulisubiri. Msimamizi alikuwa amesogea nyuma ya kiti chake, hasemi tena habari za mwakani. Karani akaniita dirishani upya, kwa utaratibu wote, namba ya kadi tafadhali, Mama, nami nikampa.

"Una miaka sabini na moja," akasema.

Sijawahi kuambiwa uzee wangu nikafurahi vile. Niliushika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, nikamwambia arudie, akarudia. Nyuma yangu Tarishi aliuliza yeye ana mingapi, akaambiwa tisini na minne.

"Basi mwambieni mtoto wangu aende nyumbani," akasema. "Sihitaji mzazi."

Orodha ilipofungwa tulikuwamo wote. Walinipasua kesho yake jicho la kwanza, na la pili wageni waliporudi. Bandeji ilipotoka, kitu cha kwanza nilichokiona ni mshono wa koti la muuguzi, ulikuwa umeachia begani, na nikamwambia. Mkwe wangu ofisini kwao alinuniwa na mkubwa wake kwa sababu ya ule mtandao aliokataa kuusingizia. Alinuniwa, akaendelea na kazi, na hospitali ikaagiza mfumo usiguswe na mtu isipokuwa yeye.

Jumapili baada ya bandeji alikuja kula kama kawaida, kisha akafungua kompyuta kando ya cherehani. Mimi nilikuwa natunga uzi. Natunga, natoa, natunga tena, bila haja yoyote.

"Njoo nikuonyeshe kitu," akasema.

Alinieleza kwamba kila mtu pale ofisini akibadilisha chochote kwenye mfumo wa hospitali, hata neno moja, mfumo unajijaribu wenyewe kabla ya kuruhusiwa kwenda kwa wagonjwa. Kuna mistari ya majaribio, kila mmoja na jina lake. Ameongeza mmoja, akauweka juu ya yote. Ndani yake kuna siku yangu ya kuzaliwa. Inasafishwa kama zinavyosafishwa nyingine, inageuzwa namba, inarudishwa kuwa tarehe, na isiporudi tarehe kumi na nne Machi hamsini na tatu, kila kitu kinasimama, hakuna kinachotoka, hata kama mkubwa mwenyewe ana haraka.

"Ikigoma, mstari unakuwa mwekundu," akasema. "Vijana wanaitana ofisi nzima, jamani, mama mkwe amekataa."

"Wanasema hivyo?"

"Wiki hii umekataa mara mbili. Ngoja nikusomee."

"Usinisomee," nikamwambia.

Nikaivuta kompyuta ile mpaka mbele yangu. Maandishi yalikuwa madogo, madogo kuliko mshono wa kola, na yalikuwa mengi, mstari chini ya mstari. Sikutafuta sana. Ulikuwa juu kabisa, wa kijani kama gauni langu, na niliusoma mwenyewe, kwa sauti, bila miwani na bila kukodoa: mama mkwe, sawa.

Nami kwa mara ya kwanza sikuwa na la kujisifu, maana lilikuwa limeshaandikwa. Nikamwambia tu abonyeze tena, niangalie nikikubali.